Maparachichi ya Bibi na Ukuta wa Mianzi

Tupokigwe na Bupe, Jumatatu mnaanza kazi katika jiko nililotoka mimi. Nilitaka kuwaeleza kwa mdomo, lakini mdomo wangu hukauka mbele ya watu wawili, ndiyo maana naandika. Watu hustaafu wakiwa na mvi. Mimi nimestaafu nina miaka kumi na saba, baada ya miaka minne jikoni, na sikufukuzwa wala sikuugua. Sababu nitaisema ikifika mahali pake. Kwa sasa jueni tu kwamba mpishi wa jiko lile, aliyenifundisha kila kitu, jina lake siruhusiwi kulitamka wala kuliandika. Ninyi mnalijua. Humu nitamwita Mpishi.

Sitaeleza nilivyotoka kwenye ufagio nikafika kwenye kisu, wala ujira wangu. Hayo hayapiki kitu.

Nilifika siku ya kwanza asubuhi ya mvua, matope ya Ipyana yamenipanda mpaka magotini. Bibi, mke wa Bwana, yule Mjerumani aliyesimamia shule na kanisa letu, alinitazama miguu, akanionyesha mtungi wa maji, akaenda zake. Jiko lilikuwa nyumba ndogo nyuma ya nyumba kubwa. Kuta tatu zilikandikwa udongo, na wa nne, upande wa kuni, ulikuwa mianzi mitupu ili moshi upate pa kutokea. Ndani alikaa mwanamume mfupi mwenye aproni nyeupe kuliko kitu chochote nilichowahi kuona.

"Mugonile, Tata," nilimsalimu kama mtu anavyomsalimu baba, sauti yenyewe sijui kama ilitoka.

"Ugonile. Unajua kupika nini?"

"Ndizi."

"Na kingine?"

"Ndizi za maziwa."

"Basi unajua vitu viwili. Wa kabla yako alijua kimoja, naye alidhani ni vitatu."

Kisha akageuka, akashika sufuria iliyokuwa ikitokota, akaiepua kwa mikono mitupu. Hakutumia kitambaa wala jani, na hakuharakisha. Akaiweka chini, akapangusa vidole kwenye aproni. Mimi nilibaki nimeachama. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nafanya kazi na mtu ambaye moto unamwogopa.

Mwaka wangu wa kwanza haukuwa na cha ajabu. Nilijifunza kuosha mchele mpaka maji yawe na rangi ya maji, na kuwasha jiko lenye kuni mbichi bila kulia. Nilijifunza pia kwamba Wajerumani hula viazi hata kama mchele upo, na kwamba hilo haliulizwi.

Cha ajabu kilikuja mwaka wa pili. Nyuma ya jiko ulikuwepo mti ambao Bibi aliletewa ukiwa mche ndani ya kopo, kabla mimi sijaanza kazi. Kila mwaka ulitoa majani mazuri na hakuna zaidi. Mwaka ule ukazaa matunda kumi na moja, ya kijani, yamening'inia kama mawe. Mpishi alisema alisikia askari mmoja wa pwani akiyaita maembe ya mafuta, na mwingine akiyaita maparachichi. Tukayazunguka, tukayanusa. Hayakunuka kitu. Nikayabonyeza, yakawa magumu kama kuni.

Bibi aliyachuma mwenyewe, akayaweka mezani kwetu, akasema, "Jumapili, kwa chakula," akaondoka. Hakusema zaidi. Nadhani alifikiri tunda linajieleza lenyewe.

Sasa fikirini. Watu wawili wa huku kwetu wamepewa tunda la kijani, gumu, lenye ngozi nene. Wangefanya nini? Tulifanya vilevile. Tulilimenya kama ndizi mbichi, tukalikata vipande, tukatia maziwa na chumvi, tukalichemsha.

"Linalainika," alisema Mpishi, akichungulia.

"Nionje, Tata?"

"Kuonja ni kwa mpishi." Akaonja. Akasimama kidogo. "Huenda wao ndivyo wanavyolipenda."

Lilikuwa chungu, jamani. Lilikuwa chungu kama dawa ya minyoo. Bwana alimeza mara moja, akalaza kijiko taratibu kama mtu anayelaza mtoto asiamke. Bibi alionja, akafunika uso kwa leso, mabega yakaanza kutikisika. Mimi niliyeshika mtungi wa maji nilidhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake alikuja jikoni na barua ya kaka yake, aliyekuwa akilima kahawa nchi ya mbali sana, ng'ambo ya bahari nyingine, ambako tunda hili ni chakula cha kila siku. Akatusomea, akitafsiri neno kwa neno, na sisi tukasikiliza kama watoto wa darasa la kwanza. Jambo la kwanza katika barua lilikuwa kwamba tunda hili halipikwi kabisa.

Haya, ndivyo linavyotengenezwa. Shikeni, maana Bibi atawataka ninyi mlifanye.

Tunda haliivi mtini. Lichumeni likiwa gumu lakini limekomaa, mlifukie kwenye pumba za mpunga ndani ya chungu, chungu kiwe mahali pasipopigwa jua. Vyungu vyetu ni vya Wakisi, wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, na mama aliyekuwa akituletea alinifundisha kuvigonga kwa kiungo cha kidole ili kusikia kama vina ufa. Baada ya siku nne au tano anzeni kuangalia. Likiwa tayari, likateni kwa urefu, zungusheni nusu mbili, toeni kokwa. Choteni nyama kwa kijiko cha mti ndani ya bakuli la udongo. Msitumie chuma zaidi ya kule kukata. Ndimu na chuma hazipatani, zinatoa ladha ya msumari. Chumvi iwe ya kwanza, kisha ndimu. Kitunguu kikatwe kidogo kidogo na kioshwe kwa maji ili kipoteze hasira. Pilipili iwe moja, ile nyembamba, bila mbegu. Pondeni kwa mwiko, lakini msiponde kama mnalipiza kisasi. Kaka yake Bibi aliandika kwamba vipande vidogo vibaki ili mlaji ajue anakula tunda. Bwana hulipaka juu ya mkate. Mimi nililila kwa ndizi ya kuchoma, nikagundua kwamba watu wa ile nchi ya mbali wana akili.

Baadaye niligombana na Mpishi, kama naweza kuuita ugomvi, maana mimi sikusema neno. Yeye alishikilia kwamba kokwa likiachwa ndani ya bakuli, chakula hakigeuki rangi. Sijui alilitoa wapi. Mimi nilitaka kujua ni kweli au si kweli. Siku moja alipokwenda sokoni nikatengeneza mabakuli mawili madogo. Moja nikalitia kokwa katikati. La pili nikalifunika kwa jani la mgomba nililolipitisha motoni likalegea, nikalibandika juu ya chakula chenyewe, pasibaki hewa. Jua lilipoinama nikaangalia. Lenye kokwa lilikuwa la kahawia kote, isipokuwa duara dogo chini ya kokwa. Lenye jani lilikuwa kijani kama asubuhi.

Nikayaweka yote mawili mbele yake, nikakimbilia nje. Nilimsikia ndani akisema, "Atupele! Njoo ukate majani mengine."

Hivyo ndivyo alivyokubali kwamba ameshindwa. Msitegemee zaidi ya hapo.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo nilikaa nalo miaka miwili bila kumwambia mtu. Mtaona kwamba naweza kulisema leo kwa sababu mwenyewe amelisema.

Tunda hili lina siku moja tu. Leo ni gumu, kesho ni zuri, kesho kutwa ni tope jeusi. Kwa nje rangi haibadiliki. Mtu hujua kwa vidole, kwa kulibonyeza karibu na kikonyo. Ilinichukua wiki mbili kutambua kwamba Mpishi habonyezi. Alichukua tunda, akalizungusha mkononi kwa maringo, kisha akanitupia: "Hili je? Nataka nione kama umejifunza." Mimi nabonyeza, nasema bado, yeye anasema, "Sahihi." Nasema tayari, yeye anasema, "Sahihi." Sikuwahi kukosea hata mara moja. Hapo ndipo nikaanza kuwa na wasiwasi, maana mimi hukosea.

Siku moja kaa la moto liliruka likatua juu ya kidole chake cha shahada, likakaa. Alikuwa akiongea. Nililiona kaa, nikaona moshi mwembamba, naye anaendelea kuongea habari za bei ya kuku. Nikalipangusa kwa ufagio. Akatazama kidole, akanitazama mimi.

"Tangu lini, Tata?" nikauliza. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Tangu zamani. Miaka ya sufuria." Akakunja mkono. "Bibi akijua, atasema mpishi gani huyu asiyejua moto na maji. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi bonyeza hilo jingine."

Kwa hiyo nikawa vidole vyake. Si kwa maparachichi tu. Hata unga wa mkate, hata samaki kama ni mbichi. Nilijivunia, lazima niseme. Mtu mwenye haya kama mimi hupenda kazi ambayo hakuna anayeijua.

Kisha nikachumbiwa.

Mchumba wangu ni Ambakisye, mtoto wa pili wa Mpishi, anayefundisha watoto kusoma kule Talatala. Nilimkubali kwa sababu akiuliza swali hungoja jibu, hata likichelewa. Nilifurahi siku tatu nzima kabla sijakumbuka ni mtoto wa nani.

Desturi mnaijua, lakini naiandika ili isisemekane niliificha. Kwetu mwanamke hakutani na baba wa mume wake. Hamtazami, hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina. Na haingojei harusi. Inaanza pale ng'ombe wa kwanza wa uchumba wanapofika. Bwana alikwisha kuhubiri mara mbili kwamba Wakristo hawana haja nayo, na Mpishi, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa benchi la mbele akiitikia amina. Lakini Jumatatu baada ya ng'ombe kufika, nilipoingia jikoni kwa mazoea, niliona mgongo wake tu ukitoka kwa mlango wa pili, na uji wa Bwana ukimwagikia motoni. Mimi nami nilikuwa nimejifunika kichwa kwa kanga kabla sijajua ninafanya nini. Miguu yetu haikuwa imesikia mahubiri.

Mmoja wetu ilibidi atoke, na mimi ndiye mdogo. Nilimwambia Bibi nikitazama sakafu. Hakukasirika. Alisema tu, "Mna mambo mengi ninyi," akanipa daftari hili.

Jumapili iliyofuata Mpishi alitengeneza maparachichi peke yake. Sikuwepo, ila mkewe alinisimulia. Aliponda matunda mabichi. Yalikuwa vipande kama mkaa wa kijani, yakilia kwenye meno ya wageni. Safari hii Bibi hakucheka. Alikuja jikoni akasema, "Jumamosi wanakuja wageni wa meli, kutoka bandari ya Mwaya. Ikiwa hivi tena, nitaandika pwani waniletee mpishi mwingine. Nimevumilia."

Mkewe, ambaye sasa ni mama mkwe wangu, alinijia Alhamisi kisimani, akatua mtungi.

"Halali usingizi," alisema. "Anakaa na lile tunda mkononi kama amepewa mtoto wa mtu. Mimi nimebonyeza nikamwambia, lakini mimi nayajulia wapi hayo madude? Mwanangu, huwezi kuja?"

"Juba, mama yangu, nije vipi?"

"Upande wa kuni pana ukuta."

Tukatazamana. Tukacheka wote wawili, huku tumeziba midomo.

Ijumaa asubuhi nikaenda kukaa nje, upande wa kuni, mgongo kwenye mianzi. Mama mkwe alikuwa ameziba nafasi kwa majani makavu ya mgomba ili pasiwe hata tundu. Yeye akakaa mlangoni, yuko ndani nusu, yuko nje nusu. Mpishi hakuweza kusema nami, wala mimi naye. Kwa hiyo alizungumza na chungu.

"Wewe chungu," nikamsikia. "Nina matunda tisa hapa, na vidole ni vijiti. Kama una la kusema, sema."

Nikamwambia mama mkwe, taratibu, "Kiambieni hicho chungu kwamba vidole havihitajiki."

"Anasema vidole havihitajiki," akapeleka mama mkwe.

"Chungu kinaongea upuuzi."

Lakini mimi nilikuwa nimewaza tangu kisimani. Katika miaka ile, kwa udadisi tu, nilikuwa nimeona mambo mawili ambayo sikuyajali, kwa kuwa vidole nilikuwa navyo. La kwanza, tunda likiiva, kokwa lake hulegea. Ukilitikisa karibu na sikio, linagonga ndani. Bichi halisemi kitu. La pili, lile lililopitiliza nalo hugonga, kwa hiyo sikio peke yake hudanganya. Hapo unang'oa kikonyo. Kikigoma, acha. Kikitoka chenyewe na chini yake ni kijani, hapo ndipo. Chini yake pakiwa kahawia, umechelewa. Sikio, kisha jicho. Kidole hakimo.

Nilimpa mama mkwe maneno hayo kidogo kidogo naye akayapeleka, mpaka akachoka, akasema, "Aa! Mimi si daraja. Ongea kwa sauti, yeye atasikia mianzi ikiongea."

Basi mianzi ikaongea. Ndani nikasikia tunda likitikiswa.

"Chungu. Hili halisemi."

"Liache," nikaziambia kuni.

"Hili linagonga."

"Kikonyo?"

"Kimetoka. Kijani... Hapana, subiri. Nisogee kwenye mwanga. Kijani."

"Lipasue."

Nikasikia kisu. Mikono yangu ilikuwa imeshika kuni mpaka gome likanichoma. Halafu mama mkwe akatoa kichwa nje, uso wote meno. Tunda lilikuwa safi kabisa. Tulirudia kwa yote tisa. Alikosea moja, na kwa hilo alikilaumu chungu.

Jumamosi sikualikwa, lakini nilikwenda ukutani. Nilijiambia nakwenda kupanga kuni. Nilisikia matunda yakitikiswa, moja baada ya moja, naye hakuuliza chungu hata mara moja. Nilisikia mwiko. Alikuwa akiponda taratibu. Vyakula vikaenda nyumba kubwa. Nikapanga kuni, nikapangua, nikapanga tena.

Kisha viatu vya Bibi vikaja.

"Nzuri sana," alisema. "Wageni wamemaliza bakuli. Nani alikuchagulia matunda? Yule msichana amerudi?"

Angeweza kusema, "Mimi mwenyewe, Bibi." Ingekuwa kweli, na kazi yake ingekuwa salama. Nilimwomba kimoyomoyo aseme hivyo, aache hapo.

"Nimechagua mwenyewe, Bibi," alisema. Halafu akaendelea. "Leo. Lakini zamani zote alikuwa akinichagulia yeye. Vidole vyangu vimekufa, Bibi. Havisikii moto, havisikii tunda. Miaka mingi. Nilificha. Leo nimechagua kwa sikio, naye aliyenifundisha ni mkwe wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nilikaa chini pale pale juu ya kuni.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Bibi.

"Sijui, Bibi. Siruhusiwi kujua."

Mimi nilikuwa nimeshaona barua ikiandikwa, ikipanda meli. Bibi akasema, "Kwa sikio? Nionyeshe." Nikasikia tunda likitikiswa. "Sisikii kitu." Likatikiswa tena. "Subiri... Ah!" Kama mtoto vile. "Na hili? Na hili?" Walimaliza kapu zima, yeye na Mpishi, wageni wamesahauliwa mezani, mpaka Bwana akaita mara mbili.

Barua haikuandikwa. Bibi alisema tu kwamba jiko litahitaji mikono minne, na ndiyo sababu mmeajiriwa ninyi wawili badala ya mmoja. Mtapima unga wa mkate kwa vidole vyenu, mtamwambia kama samaki ni mbichi, na mtamfungia kitambaa mkononi kabla hajaepua sufuria. Atagoma. Mfungieni tu. Kwa mambo hayo atawauliza waziwazi, hana tena la kuficha.

Ila maparachichi mwachieni. Akilipeleka tunda sikioni, hata kama mna habari nzuri, hata kama uji unafurika, nyamazeni.